Nyumba za Kampuni: Kolwezi kati ya Baraza na Shimo

Anayetafuta nyumba ya enzi ya Malkia Victoria mjini Kolwezi atazunguka mpaka soli za viatu ziishe. Malkia alifariki Januari 1901. Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, ilianzishwa mwaka 1910, na Kolwezi ikangoja hadi 1937. Hata hivyo, wazo lililoijenga Kolwezi lilizaliwa Uingereza katika miaka ya malkia huyo: mwenye kiwanda amjengee mfanyakazi nyumba, ampimie bustani, kisha apite kukagua kama ua umefagiwa. William Lever, tajiri wa sabuni, alianza kujenga kijiji chake cha Port Sunlight mwaka 1888. Ebenezer Howard alitoa kitabu chake juu ya miji ya bustani mwaka 1898. Mwaka 1911 Lever huyohuyo akaingia Kongo kutafuta mafuta ya mawese, na makao yake akayaita Leverville. Wabelgiji nao walikuwa wakijenga vitongoji vyenye bustani kwa ajili ya wachimba makaa ya mawe wa Limburg. Basi mabwana wa shaba walipowajengea wafanyakazi wao nyumba Katanga, ramani walikuwa nayo tayari mkobani.

Tangu siku hiyo nyumba za ukanda wa shaba zimebeba swali moja: anayeishi humo ana haki gani juu yake, na juu ya kilicho chini ya sakafu? Kila kizazi kilichozipaka rangi kimelijibu kwa namna yake.

Kabla ya bati: hadi 1911

Shaba haikuwangoja Wazungu. Katika vilima vya Katanga mafundi waliyeyusha mawe ya kijani kwenye tanuru za udongo na kutoa misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha kutoka soko hadi soko. Wale mafundi walikumbukwa kama walaji wa shaba. Karne ya 19 Msiri, aliyetoka upande wa Wanyamwezi, alijenga dola yake Bunkeya, na misafara ya pwani ikaleta bunduki, vitambaa na Kiswahili. Msiri aliuawa Desemba 1891 mbele ya msafara uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Pili. Miaka 15 baadaye, tarehe 28 Oktoba 1906, ikaundwa Union Minière du Haut-Katanga.

Reli kutoka kusini ilifika Élisabethville mwaka 1910, na shaba ya kwanza ikatoka tanuruni mwaka 1911. Treni ileile iliyobeba makaa ilibeba pia bati la mikunjo na vifaa vya ujenzi. Hapo ndipo Victoria alipoingia Katanga kwa mlango wa nyuma, kwa maana nyumba za bati zenye baraza pana mbele zilikuwa zimekwisha kuenea katika makoloni ya Waingereza kuanzia Rasi hadi Rhodesia.

Bati, hata hivyo, huoka watu mchana na kuwagandisha usiku wa Juni, maana nyanda hizi ziko juu, zaidi ya mita 1,200. Jibu lilikuwa limesimama porini. Vichuguu vya Katanga ni vilima vya mita kadhaa, vya udongo wa mfinyanzi ambao mchwa wameuchekecha kwa karne nyingi. Kichuguu kikibomolewa, udongo ukikandwa na kuchomwa, hutoka tofali jekundu zuri. Miji ya Katanga imejengwa kwa kiasi kikubwa kwa kazi ya mchwa, ambao hawajatajwa kwenye kibao chochote cha uzinduzi.

Nzi hamsini kwa sahani: 1911–1936

Miaka ya kwanza ilikuwa ya mazishi. Wafanyakazi waliletwa kutoka mbali kwa mikataba mifupi, wakalazwa kwenye kambi zilizosongamana, na maradhi yakawavuna. Homa ya mafua ya mwaka 1918 ikazidisha. Madaktari wawili, Pearson na Mouchet, waliandika mwongozo juu ya usafi wa kambi, na mawazo yao yakageuka vipimo: nafasi kati ya kibanda na kibanda, choo kiwe wapi, dirisha liwe na ukubwa gani. Ramani ya mji nayo ilichorwa kwa hofu ya mbu. Kati ya mji wa Wazungu na mtaa wa Waafrika wa Élisabethville uliachwa ukanda mtupu wa mamia ya mita, kwa hoja kwamba mbu wa malaria hawezi kuruka mbali kiasi hicho. Wapishi na watunza bustani walivuka ukanda huo kila alfajiri. Mbu, inaelekea, hawakuwahesabu hao.

Katika miaka hiyo mfanyakazi aliweza kutakiwa kuleta nzi 50 waliokufa ndipo apewe posho ya siku. Mwaka 2013 msanii Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, aliipanga historia hiyo ukutani: picha za mji zilizopigwa kutoka angani zikabadilishana na masanduku ya nzi na mbu waliochomwa pini.

Badiliko kubwa lilikuja mwaka 1928. Kampuni ilichoka kufundisha watu waliokuwa wakiondoka baada ya miezi michache, ikaanza kuwachukua kwa mikataba ya miaka mitatu na kuwahimiza waje na wake zao. Mke alihitaji jiko, watoto walihitaji shule na zahanati. Kibanda kikageuka nyumba, na nyumba ikawa sehemu ya mshahara. Mgodi ulitoa paa, posho, daktari na mwalimu; watu wakazoea kuisema kampuni kama baba na mama. Baba huyo alikuwa na ufunguo wa akiba wa kila mlango. Siku kazi ilipokwisha, nyumba nayo ilikwisha.

Mji uliochorwa mezani: 1937–1959

Kolwezi ilianzishwa mwaka 1937 iwe makao ya kundi la migodi ya magharibi ya Union Minière. Reli ya kwenda Lobito, kwenye bahari ya Atlantiki, ilikuwa imekwisha kuunganishwa mwaka 1931. Vita vya Pili vya Dunia vikaongeza kiu ya shaba na kobalti. Kiwanda cha kuchenjua madini kikaanza mwaka 1941, Musonoi na Kamoto zikafunguka, mabwawa ya umeme ya Nzilo na Nseke yakawashwa mwaka 1952 na 1956.

Mji wenyewe ulipangwa kwa cheo. Mitaa ya wakuu ilipewa barabara pana na miti ya kivuli. Kambi za wafanyakazi ziliwekwa karibu na mashimo ili king'ora cha zamu kisikike. Manika ukawa mtaa wa Waafrika wasiokaa kwenye nyumba za mgodi.

Nyumba ya mkubwa inafaa kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndiyo inayokarabatiwa leo. Inakaa katikati ya kiwanja kikubwa, yaani parseli, mbali na barabara. Mbele kuna baraza lenye kina, ambalo jua la saa sita halifiki ukutani. Dari ziko juu ili joto lipande, na chini ya paa kuna matundu ya hewa yenye wavu. Sakafu ni ya saruji nyekundu iliyosuguliwa kwa nta mpaka mtu ajione uso. Jiko liko nyuma, na nyuma zaidi, kwenye kona ya parseli, ipo boyeri: chumba kimoja au viwili vya mtumishi, dirisha dogo, bomba la maji la nje. Kati ya baraza na boyeri kuna miembe na miparachichi, vitalu vya mboga, na mbele majani yaliyokatwa mafupi ambayo kiangazi chote, kuanzia Mei hadi Septemba, yalimwagiliwa maji na mtu ambaye kwake alichota bombani kwa zamu.

Ndani ya nyumba hizo kulitundikwa sahani za shaba zilizofuliwa kwa nyundo, na juu ya kabati kuliwekwa malakaiti, jiwe la kijani lenye miduara ambalo Kolwezi ni maarufu nalo duniani. Waliokuwa na jicho la sanaa walinunua picha za Pilipili Mulongoy, Bela au Mwenze Kibwanga, wachoraji wa karakana ya Le Hangar iliyofunguliwa na Pierre Romain-Desfossés mjini Élisabethville mwaka 1946. Ndege na samaki wa Pilipili walikaa vizuri juu ya makochi ya wahandisi.

Kwenye kambi, nyumba za tofali zilichukua nafasi ya vibanda. Wake wa wafanyakazi waliitwa kwenye vituo vya jamii wafundishwe kushona, kupika na kupamba sebule. Ukaguzi wa usafi ulifanyika, na nyumba iliyopendeza iliweza kupata zawadi. Kitambaa kilichofumwa juu ya kiti, picha ya ukoo ndani ya kioo, maua kando ya njia: mengi ya hayo yaliyoonekana kama pambo la hiari yalikuwa pia alama zilizoandikwa kwenye daftari la mkaguzi. Lakini watu si wajinga. Waliyachukua waliyoyapenda wakayafanya yao.

Maisha ya wale walioipangusa sakafu nyekundu yangepotea kabisa kama si kijitabu cha mwaka 1965. Chama cha watumishi wa zamani wa nyumbani wa Élisabethville kilimwachia André Yav kazi ya kukusanya historia ya mji wao, naye akaiandika kwa Kiswahili cha Katanga. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliichapisha upya mwaka 1990. Ni nadra duniani kupata historia ya mji iliyoandikwa kutoka jikoni.

Ufunguo wabadilisha mikono: 1960–1978

Katanga ilitangaza kujitenga na Kongo tarehe 11 Julai 1960, chini ya Moïse Tshombe. Kolwezi ikawa kituo chake cha mwisho. Askari wa Katanga walitishia kulipua bwawa la Nzilo, lakini majeshi ya Umoja wa Mataifa yaliingia mjini tarehe 21 Januari 1963 bwawa likiwa zima na nyumba zimesimama.

Zilizobadilika ni karatasi. Sheria ya Bakajika ya mwaka 1966 ilirudisha ardhi na madini kwa taifa, na Januari 1967 mali za Union Minière zikachukuliwa. Baada ya majina mawili matatu ikatulia jina la Gécamines. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ikapigilia msumari: udongo wote ni wa serikali, raia anaweza kupewa haki ya kuutumia na kumiliki alichojenga juu yake. Wakati huo wachache walishtuka. Kampuni ilikuwa ya serikali, nyumba ilikuwa ya kampuni, na bomba lilitoa maji.

Wahandisi Wakongo walihamia kwenye nyumba ambazo baba zao walizifagia. Idara ya matengenezo iliendelea kama zamani: paa likivuja unaandika ombi, mafundi wanakuja na ngazi. Hilo lilikuwa na madhara yaliyojificha, kwani kizazi kizima kiliishi ndani ya nyumba nzuri bila kujifunza kuitunza.

Sebule ndizo zilizobadilika zaidi. Katika miaka ya 1970 wafanyakazi wa Katanga, ambayo sasa iliitwa Shaba, walinunua picha kutoka kwa wachoraji wa mitaani, zilizochorwa juu ya magunia ya unga yaliyotandazwa kwenye fremu. Nguva aliyeitwa mamba muntu alitundikwa kwa ajili ya bahati. Picha za Koloni ya Kibelgiji, mfungwa akichapwa viboko mbele ya gereza, zilitundikwa kwa ajili ya kumbukumbu. Tshibumba Kanda Matulu, mzaliwa wa Élisabethville mwaka 1947, alichora historia nzima ya nchi kwa mfululizo wa michoro aliyomweleza Fabian mwaka 1973 na 1974. Ukuta uliojengwa ili mtu akaguliwe ukawa mahali pa yeye kuikagua serikali.

Kisha tarehe 13 Mei 1978 wapiganaji wa kundi la waasi la FNLC waliotokea Angola waliingia Kolwezi. Kwa siku sita nyumba zenye baraza ziligeuka maficho. Katika mtaa wa P2 makumi ya Wazungu waliuawa ndani ya nyumba moja, na Wakongo waliokufa mjini walikuwa wengi zaidi, ingawa magazeti ya Ulaya yaliwahesabu kwa uvivu. Tarehe 19 Mei askari wa Ufaransa wa jeshi la kigeni wakaruka kwa miavuli. Wataalamu wengi wa kigeni waliondoka na hawakurudi, wakiacha mapazia madirishani.

Mahindi mbele ya baraza: 1979–2003

Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines bado ilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa chini wa Kamoto iliporomoka. Mwaka uliofuata askari wasiolipwa walipora miji. Mwaka 1992 na 1993 Wakasai, watu wenye asili ya Kasai ambao babu zao waliletwa na Union Minière, walifukuzwa Likasi na Kolwezi maelfu kwa maelfu. Nyumba walizozitunza zikavunjwa milango au kupata wakazi wapya kabla moto wa jikoni haujapoa. Kufikia 1994 shaba ilikuwa imeshuka chini ya tani 50,000.

Mafundi wa idara hawakuja tena. Mshahara ulikosekana miezi mingi. Majani ya mbele yakalimwa mahindi na mihogo, boyeri zikapangishwa, miti ya kivuli ikaishia kuwa makaa. Mgeni angeona uharibifu. Mwenye watoto wanane aliona chakula. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alikiita kitabu chake cha mwaka 2001 juu ya familia hizo kwa maneno yanayomaanisha wana wa shaba walioachwa na baba yao.

Kuanzia 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kazini kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Nyumba nyingi zilibaki kwa waliokuwa wakiishi humo. Kwa mara ya kwanza ufunguo wa akiba haukuwa ofisini.

Saruji, chokaa na seng'enge: tangu 2004

Bei ya shaba ikapanda, kobalti ikatafutwa kwa ajili ya betri, na makampuni ya nje yakarudi Kolwezi kwa mbio. Mwaka 2015 mji ukawa makao makuu ya mkoa mpya wa Lualaba. Ghafla nyumba ya zamani yenye parseli kubwa ilikuwa na mpangaji anayelipa kwa dola, na ukarabati ukaanza.

Fundi anayeujua ukuta wa tofali la kichuguu huanza kwa kubandua. Lipu ngumu ya saruji iliyopakwa miaka ya karibuni huunyima ukuta pumzi. Mvua za Novemba hadi Aprili hupenya kwenye nyufa nyembamba, maji hukwama nyuma ya lipu, na tofali humomonyoka polepole kuwa unga mwekundu. Ukigonga kwa vifundo vya vidole unasikia utupu. Dawa yake ni lipu laini ya chokaa na mchanga, inayokubali unyevu uingie na utoke, na juu yake chokaa tena badala ya rangi ya mafuta. Mawe ya chokaa yako Kakontwe, upande wa Likasi. Lakini saruji iko kila duka, inakauka upesi, na mpangaji anataka kuhamia mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo ukarabati mwingi ni wa haraka. Sakafu nyekundu hufunikwa vigae vinavyong'aa, dari hushushwa ili kiyoyozi kisihangaike, baraza huzibwa kwa vioo na kuwa ofisi, matangi ya plastiki hupandishwa juu ya minara ya chuma. Ua wa miti iliyokatwa vizuri hung'olewa, ukuta wa matofali ya saruji hupanda juu ya kichwa cha mtu, na seng'enge huvikwa juu. Majani hugeuka maegesho ya magari. Hasara kubwa ni hiyo ya ua, kuliko vigae: vigae vinaweza kung'olewa kesho, lakini mtaa uliopangwa ili mpita njia aone bustani umekuwa ujia kati ya kuta mbili. Ipo sheria ya tarehe 15 Machi 1971 ya kulinda mali za utamaduni. Ni nadra mwenye nyumba kuambiwa habari zake.

Bustani ina shida yake. Katika mtaa wa Penga Penga, Lubumbashi, uliokaa miongo mingi chini ya moshi wa tanuru ya shaba, udongo ulilewa madini hata ukabaki uchi. Katika miaka ya 2000 wataalamu wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walijaribu kuufunika upya kwa kuchanganya chokaa na mboji na kupanda nyasi ya kienyeji, Microchloa altera, inayovumilia shaba. Nyasi zilishika. Pale ambapo waridi la Ulaya lingekufa, jani la vilima vya shaba lilikuwa nyumbani.

Kisha swali la kilicho chini ya sakafu likarudi: mwaka 2014 wakazi wa mtaa wa Kasulo, mjini Kolwezi, waligundua kobalti chini ya parseli zao. Kwa muda mfupi mamia ya mashimo yakachimbwa, mengine ndani ya vyumba, njia za chini zikipita kutoka sebule ya jirani mmoja hadi ya mwingine. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilizungushiwa ukuta na kupewa kampuni ya CDM, tawi la Huayou ya China, na kaya zilizokuwa humo zikahamishwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 na wanasayansi wa Lubumbashi na Leuven uliikuta kobalti kwenye vumbi la ndani ya nyumba za Kasulo na kwenye mkojo wa watoto. Mama anayefagia sebule yake mara tatu kwa siku anafagia madini.

Zamu ikafika kwenye nyumba za kampuni zenyewe. Karibu na mtaa unaojulikana hadi leo kama Cité Gécamines, kampuni ya COMMUS, ambayo mwenye hisa nyingi ni Zijin ya China, ilianza upya kuchimba mgodi wa wazi mwaka 2015. Wakazi walilalamika kwamba baruti zinapasua kuta. Wengine waliambiwa wahame. Hapo sheria ya 1973, ambayo baba zao hawakuihofia, ikasomwa kwa sauti: kuta ni zenu, udongo ni wa serikali, na madini yaliyo chini yamekwisha kupewa mwingine. Katika ripoti ya Septemba 2023, Amnesty International na shirika la Kikongo la IBGDH walieleza kwamba waliohamishwa walipewa fidia isiyotosha kununua nyumba ya hadhi ileile, yenye vyumba kadhaa, maji ya bomba na umeme. Wengi wakaishia pembezoni mwa mji, kwenye nyumba ndogo ambako maji hununuliwa kwa dumu.